Kopo la Mikono Miwili

Kwetu Bongwe, maji ya maiti humiminwa kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja anamimina, mwingine anasugua chini ya kanga, na yule anayemimina haachi mkono mmoja ukae bure hata kopo liwe jepesi namna gani. Ukienda Tiwi utawakuta wanamimina kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kiuno, na sisi tulipokuwa tukirudi kutoka misiba ya huko tulikuwa tunawasengenya njia nzima. Tulisema watu wale hawana adabu na wafu. Mama yangu ndiye aliyetufundisha hivyo. Aliwaosha wanawake wa kijiji chetu tangu kabla mimi sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Aliyeshika kopo kwa mkono mmoja alitazamwa tu, akajirekebisha mwenyewe.

Naanza na kopo kwa sababu kopo ndilo lililonishinda.

Kazi ile haina mshahara. Mtu anabisha hodi, anasema fulani ametutoka, unaacha mchuzi jikoni unakwenda. Niliingia nikiwa na miaka ishirini na kitu, nikaanza kwa kuchemsha maji na kutwanga majani ya mkunazi ya kuoshea, kisha nikapewa kopo. Mama hakuwa mwalimu mpole. Maji aliyapima kwa kujimwagia sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, na ukimletea maji ya moto alikurudisha nayo jikoni mbele ya watu. Lakini jambo alilolishikilia kuliko yote ni sitara. Aliyelala pale kitandani hawezi tena kujivutia nguo, kwa hiyo sisi ndio nguo yake. Kanga haiondoki mwilini, mlango haufunguliwi, na tulichokiona hakitoki nje ya chumba kile.

Nilikuwa hodari, nalisema hili bila kujisifu. Nilikuwa naosha, narudi nyumbani, naoga, nakula.

Kisha mdogo wangu, yule aliyenifuata, akaanguka jikoni kwake akikuna nazi. Asubuhi hiyo hiyo tulikuwa tumegombana kwenye simu kuhusu sufuria yangu aliyoiazima akaiunguza. Kufikia adhuhuri alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, chini yake kumechimbwa shimo la kupokea maji, na mama ananiuliza kama nitaweza, kwa kuwa ndugu wa damu ana haki ya kwanza. Nikajibu nitaweza, haraka, kama mtu anayeulizwa kama amekula.

Mama akasugua, mimi nikamimina. Kopo la kwanza lilikwenda vizuri. La pili lilipofika bega la kulia niliona kitu ambacho sitakisema, maana sisi hatusemi. Halikuwa jambo la aibu. Lilikuwa jambo la utoto wetu, na mimi nilihusika nalo. Hapo pumzi ikakatika. Vidole vikaingia ganzi, masikio yakaziba, moyo ukanipiga mpaka kooni, nikajua kwa yakini kwamba na mimi nakufa. Kopo likaniponyoka. Nikashika kitu nisianguke, na kitu chenyewe kilikuwa ile kanga iliyomfunika. Ikaja na mkono wangu. Kisha nikakimbia, nikafungua mlango, nikatoka, na mlango nikauacha wazi.

Uani kulikuwa na watu. Waliniambia baadaye kwamba mama aliurudisha mlango papo hapo. Lakini mpaka leo sijui ni nani wakati ule alikuwa ameelekea upande wa chumba, na nimewatazama watu wa Bongwe usoni kwa miaka sita nikijaribu kubaini.

Sikuitwa tena, na sikutaka kuitwa. Ningeishi na aibu hiyo, watu wengi wanaishi na zao, lakini hofu ile haikukubali kubaki chumbani. Ilinifuata. Nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, kazi niliyoipenda, maana nilijua kukunja kona ya shuka mpaka msimamizi anakosa la kusema. Wiki mbili baada ya msiba nilikung'uta shuka nyeupe juu ya kitanda cha mgeni, ikashuka taratibu, ikalala, nami nikajikuta nimekaa sakafuni bafuni nikitafuta hewa. Ikanijia tena siku ya tatu. Nikaomba kuhamishiwa jikoni. Nikawa mtu wa kumenya viazi, mimi niliyekuwa nimekabidhiwa vyumba kumi na viwili.

Msikiti ukitangaza msiba, nilifungulia redio. Nikipita mahali nikaona turubai limesimamishwa na viti vya plastiki vimepangwa, nilirudi nikazunguka. Nyumbani nilinunua mpira wa maji nikaufunga kwenye bomba, tukawa tunaoga kwa mpira, kwa sababu sikutaka kuona kopo. Mume wangu hakuuliza kitu. Ni mpole sana mume wangu, mpaka inaudhi.

Wasidhani watu kwamba nilikaa tu. Nilisomewa. Nilipewa kombe, maandishi ya zafarani yaliyoyeyushwa kwa maji ya waridi, nikanywa siku saba. Shangazi yangu wa Msambweni akasema ni pepo aliyenidaka pale kitandani, akanipeleka kwa mama mmoja anayezungumza na mapepo. Pepo akaulizwa anataka nini, akataka kitambaa chekundu na marashi. Akapewa. Nikakaa salama majuma mawili, nikaanza hata kuimba jikoni, kisha jirani akafiwa na yakawa yale yale. Hospitali wakanipima moyo. Daktari akaniambia moyo wangu ni mzima kuliko wake, akadhani amenifurahisha. Nilitoka pale nimekasirika. Nilitaka ugonjwa, nipewe dawa yake.

Lililonitoa jasho hasa lilikuja mwaka wa sita, miguu ya mama ilipogoma. Akawa wa kulazwa, wa kugeuzwa, wa kuogeshwa. Nyumba yetu na ya kaka yangu ziko ua mmoja, na aliyemwogesha mama alikuwa mke wa kaka yangu. Mimi nilipika, nilifua, niligombana na mama kuhusu chumvi kama kawaida yetu, lakini wifi akitokea na ndoo mimi nilikuwa na shughuli ghafla. Nilikwenda dukani kununua kiberiti wakati kabati lina viberiti vinne. Mama aliona. Hakuwa mtu wa kupitwa na kitu.

Siku moja, mbele ya wifi na shangazi na majirani wawili waliokuja kumjulia hali, akasema, "Siku yangu ikifika, ataniosha huyu." Akanionyesha kwa kidevu. Shangazi akaanza kusema kwamba wako wengi, kwamba asijali, Mwenyezi Mungu ataleta mtu. Mama akarudia, "Nimesema huyu. Au nimesema kwa Kiarabu?"

Nikatoka nje nikatapika nyuma ya choo.

Ndipo nilipokwenda zahanati. Muuguzi alikuwa amenitajia zaidi ya mara moja kwamba kila Alhamisi kuna mshauri wa mambo ya moyo na mawazo, na mimi nilikuwa nimemjibu kwamba sina wazimu. Mshauri huyo nilimkuta katika chumba cha kupimia watoto uzito, mizani imening'inia juu ya kichwa chake. Alikuwa mwanamke kijana wa kutoka Shimba Hills, wazazi wake ni watu wa bara waliokuja kulima huko, na shingoni alikuwa na kimsalaba. Nikasema kimoyomoyo, huyu ataniambia nini kuhusu kuosha maiti. Akanisalimu shikamoo kwa adabu, nikaitikia marahaba, nikakaa nusu kiti.

Aliniuliza nimejaribu nini. Nikamtajia vyote, kombe, pepo, daktari, redio, mpira wa maji, viazi. Nilitaja kwa majivuno kidogo, aone kuwa sikulala.

"Na vimesaidia?"

"Vinasaidia kwa muda."

"Na hayo maisha yako, mama, tangu uanze kuikimbia hiyo hofu, yamekuwa mapana ama yamekuwa membamba?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikahesabu akilini mahali ninapokwenda siku hizi, nyumbani, jikoni hotelini, nyumbani. Machozi yakanitoka bila kuyaita, na hilo likaniudhi zaidi.

Aliniambia jambo nililoliona la kijinga. Hofu ile si lazima iishe ndipo niishi. Inaweza kuwapo, na mimi nikafanya lililo muhimu kwangu ikiwa ipo pale pale. Nisipigane nayo, niipe nafasi. Akanifundisha kukaa nayo, kuangalia imekaa wapi mwilini, na wazo likija nisilimeze zima zima, niseme, nina wazo linaloniambia kwamba nitakufa. Nikaenda nyumbani nikasema, hili nalijua. Kumpa nafasi asiyeonekana, nani atatufundisha sisi watu wa Pwani?

Hofu ilipokuja jioni nikatandika mkeka. Nikafukiza udi. Nikasema karibu, bismillahi, kaa, na marashi nikanyunyiza. Nikangoja, kwa heshima zote, ale chake aondoke. Na kweli iliondoka. Siku nne nilifanya hivyo, siku nne ikaondoka, nikamwambia mume wangu kwamba yule msichana ana elimu. Siku ya tano nilifukiza udi mpaka majirani wakakohoa, nayo ikanikalia kifuani mpaka alfajiri.

Alhamisi nilifika zahanati kabla hawajafungua.

"Dawa yako imekwisha nguvu," nikamwambia.

Akanisikiliza mpaka mwisho, na udi na marashi. Kisha akauliza, "Ulikuwa unaikaribisha ndio iondoke?"

"Sasa niikaribishe ili ibaki? Mimi nina wazimu?"

Hakucheka. "Mama, umeacha fimbo umeshika marashi, lakini bado unaifukuza. Na yenyewe inajua."

Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu nilikuwa nimetumia udi mzuri. Kwetu huwezi kumkubali asiyetakiwa bila kupatana naye, umpe hiki akupe kile. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna wa kukaa naye bila mapatano.

Mara iliyofuata alikosea yeye. Aliniomba nifumbe macho, nijione kwenye mazishi yangu, watu wanasimama mmoja mmoja kuzungumza juu yangu, halafu nimwambie ningependa waseme nini. Baadaye alinieleza kwamba zoezi lile huwapa wengi faraja. Mimi nilifika kwenye kitanda cha kamba nikakwama. Nikaona mlango. Jasho likanimwagika, mikono ikafa ganzi, akawa ananiambia pole pole nisikie miguu yangu sakafuni. Nilipoweza kusema, nilisema kwa ukali.

"Kwetu hakuna anayesimama kuzungumza. Unazikwa siku hiyo hiyo. Watu wa mwisho kukujua ni wale wanaokuosha, na wao hawasemi."

"Hawasemi nini?"

"Chochote! Hiyo ndiyo kazi. Mtu asitazamwe, asisemwe, afike kwa Mola wake amefunikwa. Sitara. Na mimi nilimfunua mdogo wangu nikamwachia mlango wazi!"

Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu yeyote. Sikumwambia mama wala mume wangu. Nililia kwa sauti, na nje mama mmoja mwenye mtoto wa chanjo akaacha kuzungumza.

Alikuwa na kadi ndogo alizoziandika mwenyewe, familia, afya, dini, kazi, na desturi yake ilikuwa kumwomba mtu achague zile zinazomgusa. Siku ile hakuzitoa. Alinipa kadi tupu na kalamu. Nikaandika sitara. Akaisoma, akaniomba nimweleze vizuri, nikamweleza, naye akaandika kwenye daftari lake. Kisha akasema, "Inauma hivi kwa sababu unaijali hivi. Kama hungejali sitara, ungekuwa umeshasahau." Akauliza ni nani, kati ya walio hai, anayehitaji sitara yangu leo. Nilijua jibu kabla hajamaliza, na sikulisema. Nilisema nitafikiria.

Tukaanza na kopo tupu. Niliketi pale chini ya mizani ya watoto nimepakata kopo la plastiki la zahanati, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, natokwa na kijasho. Nilijiona mjinga kabisa. Wiki iliyofuata likawa na maji. Kisha nikapewa kazi ya nyumbani, nikawa namwagilia mchicha kwa kopo. Majirani wakauliza mpira umeharibika. Nilisema umeharibika.

Nisimdanganye mtu kwamba nilipanda ngazi hatua kwa hatua. Nilikwenda msibani kwa jirani wa upande wa pili, nimepiga moyo konde, nikakaa na wanawake wanaochambua pamba ya sanda, nikadumu, nikarudi nikiwa nimejaa sifa. Msiba uliofuata nilifika kwenye ua, nikasikia maji yakimiminwa ndani, nikageuka nikarudi kwangu mbio, kanga imening'inia. Watoto walicheka. Alhamisi ile sikwenda zahanati, wala iliyofuata. Mshauri hakunifuata. Alimpa tu muuguzi salamu aniletee, kwamba kiti kipo.

Na mama alikuwa anapungua. Kila juma alikuwa mdogo zaidi pale kitandani.

Kilichonirudisha hakikuwa ujasiri. Wifi alipata homa akashindwa kuinuka, na mama akakaa siku mbili bila kuoga kwa kuwa alikataa kuguswa na mtu wa nje. Siku ya pili nilimsikia akijaribu kujivuta mwenyewe kwenye ukuta, aifikie kanga iliyoanguka. Nilikuwa mlangoni. Alikuwa wazi mapajani, mama yangu, anapapasa, na mkono haufiki. Nikaona kwamba kwa miaka sita nilikuwa nimesimama nje ya mlango nikilinda aibu yangu, na ndani kuna mtu hana nguo.

Nikamfunika. Nikaenda nikachemsha maji, nikayapima kifundoni, nikaingia nikafunga mlango. Hofu ikaingia na mimi. Sikuikaribisha wala sikuifukuza, sikuwa na nafasi ya hayo. Nilichota kopo, na mikono ikaanza, si kutetemeka kidogo, bali kuruka, maji yakamwagika godoroni, yakamwagika kwenye miguu yangu.

"Nina wazo linaloniambia nitakimbia," nikasema kwa sauti, kama nilivyofundishwa.

"Unasema na nani?" mama akauliza.

"Na mimi mwenyewe."

"Basi mwambie anayesema na wewe kwamba maji yanapoa. Shika kwa mikono miwili."

"Najua mama. Adabu."

"Adabu gani?"

Nikamkumbusha, kopo kwa mikono miwili, adabu kwa aliyelala, kama alivyotufundisha sisi sote. Akanitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifua kibovu, mpaka nikamwinua asipaliwe.

"Adabu ya nani, mwanangu? Mimi nilikuwa natetemeka."

Sikuelewa. Akanieleza huku nikimmiminia, sentensi moja, pumzi, sentensi nyingine. Wa kwanza aliyemwosha alikuwa mama yake mzazi. Mkono ulimruka hivi hivi, akaushika kwa mkono wa pili kopo lisianguke. Akadhani mara ya pili itakuwa nafuu. Haikuwa. Hofu ile haikumwacha hata siku moja, kwa maiti wote aliowaosha, na kila mara akishika kopo alilishika hivyo kwa sababu kwa mkono mmoja asingeweza. Wenzake wakaona, wakafuata. Alipokuja kutambua kwamba wamelifanya kuwa sheria, aliona haya kuwaambia.

"Na ulivyokuwa unatutazama tukishika kwa mkono mmoja?"

"Nilikuwa nawaonea wivu."

Nilicheka, kisha nikakasirika. Nilikasirika kweli kweli, kopo mkononi. Miaka sita nilikuwa najiona mtu mbovu, mtoto wa mwosha asiye na moyo wa mama yake, naye alikuwa na neno hili kifuani akaninyima. Nikamwambia hivyo. Hakujitetea sana. Alisema alidhani akiniambia ataniambukiza. Alisema pia kwamba siku ya mdogo wangu alimaliza peke yake, kopo kwa mikono miwili, analiweka chini, anasugua, analiinua tena, na kwamba ile kanga aliirudisha kabla yeye mwenyewe hajavuta pumzi.

"Nani aliona, mama?"

"Sijui," akasema. "Hata mimi nimewatazama."

Nikamsugua mgongo. Mikono haikuacha kuruka mpaka mwisho.

Nilipokuwa namkausha akanishika kifundo. "Siku ya kuniosha uninyamazie. Usiniumbue mbele ya wanawake wa watu. Baadaye, akitokea mtu anayetetemeka, mwambie." Ndiyo maana naandika sasa, na ndiyo maana jina lake silitaji.

Tangu siku ile nilimwogesha mimi. Wifi alipona, akasubiri kupokea ndoo, nikamwambia aniachie. Kuna asubuhi niliyoimaliza vizuri, na kuna asubuhi nilitoka katikati nikasimama ukutani nikivuta hewa, mama amefunikwa, mlango umefungwa, kisha nikarudi. Mshauri nilipomweleza habari za mama, alifungua kinywa kusema kitu cha kitabuni, akakifunga. Akaomba ruhusa ya kufuta macho.

Mama alifariki siku ya Jumanne, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Shangazi akanifuata jikoni nilikokuwa nimejificha na majani ya mkunazi, akaniuliza kwa upole, upole ambao hana kwa kawaida, "Utaweza? Usijilazimishe. Wapo wengine."

"Sijui kama nitaweza," nikamwambia. "Lakini ni mimi."

Tuliingia watu watatu. Wifi alikuwa wa kusugua, na mpwa wa mama, aliyekuja kutoka Tiwi, alikuwa wa kugeuza na kusimamia kanga. Mlango niliufunga mwenyewe, nikausukuma mara mbili kuhakikisha. Maji niliyapima kifundoni. Nilipochota kopo la kwanza kifua kikabana palepale kinapobana, masikio yakaanza kuziba, likaja wazo kwamba nitamfunua mama yangu mbele ya watu, nikaliona linakuja, nikaliona limekaa. Nikaitazama kanga. Ilikuwa mahali pake.

Nikamimina. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Nililia, na machozi nikayaelekeza pembeni yasimdondokee. Kopo lilikuwa linatetemeka, maji yanaruka kidogo kabla ya kufika, na kila mtu mle ndani aliona.

Yule wa Tiwi alistahimili mpaka tulipofika maji ya mwisho, yale ya kafuri. Akaniuliza kwa sauti ya chini, hakuwa na ubaya, "Dada, samahani. Nimeona nyinyi wa huku wote mnamimina kwa mikono miwili. Kwa nini?"

Wifi akainua macho kunitazama. Mama alikuwa amelala kati yetu, amefunikwa mpaka kidevuni, kile kidevu cha kunionyeshea.

"Ni adabu," nikasema. "Ndivyo alivyotufundisha."

Mwanamke yule akatikisa kichwa kukubali. Akachukua kopo jingine lililokuwa kwenye ndoo anisaidie kumimina, akachota maji, akaanza kuliinua kwa mkono mmoja, akasita, kisha akalishika kwa mikono yote miwili.